Kutibu Ateri Iliyojeruhiwa Bila Upasuaji Mkubwa

Mwaka 1953 mtaalamu wa radiolojia wa Uswidi, Sven Ivar Seldinger, alichapisha mbinu ya kuingiza mrija katika mshipa wa damu bila kuupasua mwili: sindano hutoboa mshipa, waya mwembamba hupitishwa ndani yake, sindano huondolewa, kisha mrija laini uitwao katheta hutelezeshwa juu ya waya huo. Mbinu hiyo ndiyo inayotumika hadi leo kuchunguza mishipa ya moyo na kuweka katheta za kusafishia damu ya wagonjwa wa figo, ingawa mara chache ateri, yaani mshipa unaotoa damu kwenye moyo kwa shinikizo kubwa, hutobolewa pasipokusudiwa, au tundu lililokusudiwa hukosa kuziba.

Damu inayovuja ikizuiliwa na tishu zilizo jirani hufanya mfuko unaodunda kufuata mapigo ya moyo, nao huitwa aneurizimu bandia kwa kuwa hauna ukuta halisi wa ateri, na kwa hiyo waweza kupasuka. Zamani majeraha mengi ya aina hii yalishonwa kwa upasuaji; siku hizi mengi hutibiwa kwa sindano na katheta, na uamuzi wa jinsi ya kuyatibu hutegemea hasa swali moja: je, ateri hiyo yaweza kufungwa, au ni lazima iendelee kupitisha damu?

Tawi dogo la ateri ya figo lililojeruhiwa wakati wa kuchukua kipande cha figo kwa uchunguzi huweza kufungwa. Daktari huongoza katheta nyembamba sana kwa picha za eksirei, kisha huacha ndani ya tawi hilo koili, yaani nyaya ndogo zilizojikunja ambazo damu huganda juu yake. Kwa kuwa sehemu ya figo inayolishwa na tawi hilo haina njia nyingine ya kutosha ya kupata damu, nayo hufa, koili huwekwa karibu kabisa na jeraha ili hasara iwe ndogo.

Ateri ya paja, kinyume chake, haifungwi, kwa sababu mguu mzima unaitegemea. Aneurizimu bandia ya hapo hutibiwa kwa kudunga ndani ya mfuko kiasi kidogo cha trombini, kimeng'enya kinachogandisha damu, huku ultrasaundi ikionyesha ncha ya sindano. Mara nyingi mfuko huganda kwa sekunde chache, lakini dawa ikiponyoka na kuingia katika ateri yenyewe, damu huweza kuganda mguuni, na ndiyo maana ncha huwekwa mbali na shingo ya mfuko, yaani njia inayouunganisha na ateri.

Ateri iliyo chini ya mtulinga ni ngumu zaidi, kwani mfupa huzuia kuibana kwa mkono. Katheta nene ikiingia humo kimakosa haipasi kung'olewa papo hapo, kwa kuwa yenyewe imeziba tundu. Huachwa hadi wataalamu wawe tayari kuiondoa na, inapofaa, kuweka stenti, yaani bomba dogo la wavu, iliyovikwa kitambaa, ambayo hufunika tundu na kuacha damu ipite. Kabla ya hapo hupimwa kama stenti hiyo haitaziba ateri ya uti wa shingo, inayopeleka damu kwenye ubongo.

Njia hizi hazijaondoa haja ya upasuaji. Jeraha lenye maambukizi, mguu uliokosa damu, au ngozi inayokaribia kufa kwa kubanwa na damu iliyovuja humhitaji mpasuaji, na stenti iliyowekwa kwenye kinena, mahali panapokunjwa kila mara, huweza kuvunjika au kuziba. Hata hivyo, tiba bora ni kulizuia jeraha lenyewe: kutumia ultrasaundi kabla ya kutoboa, na kupitia ateri ya kifundo cha mkono kila inapowezekana. Hospitali inayonunua vifaa vya kuziba ateri bila kuwafundisha watumishi wake kutumia ultrasaundi itakuwa imeanzia mwisho.