Je, Wajua? Mwiba na Njia za Neva

Je, wajua kwamba mkulima wa Mbeya akanyagapo mwiba, habari ya mguso hupita katika neva zilizovikwa utando wa mafuta kwa kasi iwezayo kufika mita 70 kwa sekunde, hata lau ingalifuata barabara ya Iringa, yenye zaidi ya kilomita 300, ingaliwasili kabla ya saa mbili kutimia, ilhali maumivu ya kuchoma yafuatiayo, yapitayo katika neva zisizo na utando kwa mita 1 hivi kwa sekunde, yangalichukua zaidi ya siku tatu, usiku na mchana? Habari hiyo ni mawimbi ya umeme, yazaliwayo chembe za sodiamu ziingiapo katika seli ya neva.

Katika ugwe wa uti wa mgongo, habari za maumivu huvuka upande wa pili mara ziingiapo, bali za mguso mwanana hupanda upande ule ule hadi shina la ubongo, ndipo zivuke. Kwa sababu hiyo, ugwe ukikatika nusu, mguso hupotea upande wa jeraha na maumivu upande wa pili.

Basi, msomaji, umwonapo majeruhi wa ajali barabarani, usimnyanyue kwa pupa, usije ukaukata ugwe wake: ugwe uliokatika hauungiki.