Umakanika wa Kompyuta na Nafasi ya Kiswahili katika Milima ya Lubero

Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, kilichoanzishwa mjini Butembo mwaka 1989, kina jina lililotokana na jiolojia. Graben ni neno la Kijerumani lenye maana ya handaki. Wanajiolojia hulitumia kwa ardhi iliyodidimia baina ya nyufa, mfano wake ukiwa Bonde la Ufa lililo mashariki ya Lubero. Jina hilo linafaa mahali ambapo nyumba na mashamba yametanda juu ya miteremko mikali.

Taaluma inayochunguza hali kama hiyo kwa hesabu ni umakanika wa kompyuta. Mtafiti hukigawa kitu kizima, kama vile mlima au daraja, katika vipande vidogo vingi. Kila kipande huandikiwa milinganyo ya kani, kisha kompyuta huitatua yote kwa pamoja. Richard Courant alichapisha wazo la namna hii mwaka 1943. Ray Clough aliipa mbinu hiyo jina la elementi zenye kikomo mwaka 1960. Na kitabu cha Zienkiewicz cha mwaka 1967 kikaieneza.

Chukua mteremko wa nyuzi 30, wenye udongo usioshikamana ambao pembe yake ya msuguano ni nyuzi 35. Ukiwa mkavu, kani zinazoushikilia huzidi zile zinazouvuta kwa uwiano wa 1.2, nao hutulia. Mvua ikiujaza maji yanayotiririka sambamba na mteremko, uwiano hushuka hadi takriban 0.6, na udongo huporomoka. Hesabu hii yatosha kufanywa kwa mkono. Programu huhitajika pale tabaka za udongo zinapotofautiana na maji kuingia kwa vipindi.

Mwandishi wa programu hukabiliwa na maswali mawili. Je, milinganyo imetatuliwa sawasawa? Na je, milinganyo yenyewe yaafiki ardhi halisi? La kwanza hujibiwa mezani. La pili hudai vipimo vya udongo na mvua vilivyochukuliwa mahali penyewe. Hivyo kijana wa Butembo anayeingia katika kazi hii huhitaji jembe na kipimamvua sawa na kompyuta.

Hapo ndipo suala la lugha linapoibuka. Kijana huyo husoma kwa Kifaransa, huandika programu kwa maneno ya Kiingereza, huzungumza Kinande nyumbani na Kiswahili sokoni. Istilahi si ngeni kabisa: mwaka 1990 TUKI ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, na maneno kama kani na msuguano yamekwisha kuzoeleka. Linalobaki ni kuyafikisha matokeo kwa mwenye nyumba, aelewe kwamba mfereji wa kuyaondoa maji juu ya mteremko hupunguza hatari. Matokeo yanayobaki katika lugha asiyoielewa hayamwokoi.