Mfuko wa Hewa Usio na Anwani: Mwito wa Takata na Wenye Magari wa Eastlands (Sehemu ya Pili)

Mwito wa urejeshaji, kwa maana yake ya kibiashara na ya kisheria, ni tangazo ambalo kampuni iliyounda gari hulitoa inapogundua, au inapolazimishwa na serikali kukiri, kwamba sehemu fulani ya gari hilo ina kasoro inayoweza kuhatarisha maisha, na kwa tangazo hilo kampuni hujifunga kuirekebisha kasoro hiyo bila malipo hata kama gari limekwisha kupita katika mikono ya wamiliki wanne au watano. Sehemu ya kwanza ya mfululizo huu ilieleza jinsi mkanda wa kiti na mfuko wa hewa vinavyotegemeana katika kumwokoa abiria. Sehemu hii inahusu mwito mkubwa kuliko yote katika historia ya magari, yaani ule wa mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani, na inauliza swali ambalo wenye magari wengi wa Buruburu, Donholm na Umoja, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, wale ambao gereji yao iko mahali fulani kati ya Barabara ya Enterprise na Lunga Lunga katika eneo la viwanda, yaani Industrial Area, hawajapata wa kuwajibu: mwito huo humfikiaje mtu ambaye hakulinunua gari lake kwa aliyeliunda?

Kwanza chombo chenyewe. Mfuko wa hewa, ambao mafundi wa Nairobi huuita eabegi, ni kitambaa kilichokunjwa ndani ya usukani au chini ya kifuniko cha dashibodi, na nyuma ya kitambaa hicho hukaa kopo la chuma lililofungwa kabisa, lenye vidonge vya kemikali. Gari linapogonga kwa nguvu, vihisi hupeleka habari kwa kompyuta ndogo ya mfumo huo, nayo hupitisha umeme unaowasha vidonge. Vidonge huungua na kutoa gesi, na gesi huujaza mfuko katika muda usiozidi sana sehemu 30 za sekunde iliyogawanywa mara 1,000. Kwa hiyo kila gari lenye mfuko wa hewa hubeba mlipuko mdogo uliopimwa, na usalama wote wa abiria umo katika neno hilo la mwisho, kwa kuwa kopo limeundwa kustahimili shinikizo la kiasi fulani tu na si zaidi.

Takata iliharibu kipimo hicho kwa uchaguzi wa kemikali. Kuanzia miaka ya 2000 hivi kampuni hiyo ilitumia amonia nitreti, kemikali iliyo rahisi kwa bei na inayotoa gesi nyingi, ile ile inayochanganywa na chokaa kutengeneza mbolea ambayo wakulima wa Kenya huinyunyizia mahindi na kuiita CAN. Kemikali hiyo ina tabia mbili mbaya kwa kazi ya namna hii. Hunyonya unyevu, na fuwele zake hubadilika umbo na ujazo joto linapovuka nyuzi 32 hivi za Selsiasi, kisha hubadilika tena joto linaposhuka. Kampuni iliongeza kiungo cha kuzituliza fuwele, lakini makopo mengi hayakuwekewa kikausha unyevu, na baada ya miaka mingi ya kupanda na kushuka kwa joto vidonge hupata vitundu na nyufa, vikawa vinaungua kwa kasi isiyokusudiwa. Hapo kopo hupasuka, na vipande vya chuma hupita katikati ya kitambaa na kumpata dereva usoni, shingoni au kifuani. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilihitimisha mwezi Mei 2016 kwamba mambo matatu huungana kuleta kasoro hiyo: umri, unyevu, na joto linalobadilikabadilika.

Mwito wa kwanza ulitolewa na Honda mwishoni mwa mwaka 2008 na ulihusu magari 4,000 hivi tu, jambo linaloonyesha jinsi tatizo lilivyodhaniwa kuwa hitilafu ya kundi dogo la kiwandani. Miaka iliyofuata ilifumbua mengine. Mwaka 2014 dereva aliuawa huko Malaysia katika ajali ambayo kwa kawaida isingemuua mtu. Nchini Marekani pekee vifo 28 vimethibitishwa, pamoja na majeruhi wasiopungua 400, na mifuko iliyotakiwa kubadilishwa huko ni 67,000,000 hivi. Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Subaru, Mitsubishi, BMW na Ford zote zimo katika orodha. Mwezi Januari 2017 Takata ilikubali shtaka la ulaghai, kwa kuwa ilikuwa imewapa watengenezaji wa magari ripoti za majaribio zilizochakachuliwa, na ikatakiwa kulipa dola bilioni 1. Mwezi Juni mwaka huo huo ilitangaza kufilisika, na mali yake nyingi ikanunuliwa mwaka 2018 na kampuni ambayo sasa inaitwa Joyson Safety Systems. Aliyetengeneza kosa, kwa maneno mengine, hayupo tena sokoni, na mzigo wa kulirekebisha umebaki kwa kampuni zilizoweka alama zao kwenye magari.

Wapo wanaojifariji kwamba Nairobi, mji ulio mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, una baridi ya kutosha kuyazuia hayo. Faraja hiyo ina ukweli nusu. Unyevu wa Nairobi hauwezi kulinganishwa na wa Mombasa, na mwenye gari wa Nyali au Likoni ana sababu kubwa zaidi ya kuharakisha. Lakini gari lililoegeshwa mchana kutwa juani katika uwanja wa kiwanda, madirisha yakiwa yamefungwa, huvuka nyuzi 32 ndani yake bila shida, kisha hupoa usiku, na mzunguko huo wa kila siku ndio ambao kemikali hiyo haiupendi. Zaidi ya hapo, gari la mtumba halikuzaliwa Nairobi. Limeishi miaka saba au minane mahali pengine, pengine katika visiwa vya kusini mwa Japani vyenye joto na unyevu, na historia hiyo haikuandikwa popote katika stakabadhi zake. Ni kweli pia, na ni vyema isemwe ili hofu isizidi kiasi, kwamba kopo lenye kasoro halipasuki lenyewe gari likiwa limeegeshwa. Hatari huja pale mfuko unapofumuka katika ajali.

Sasa swali la anwani. Gari jipya linalotoka kiwandani, kama malori yanayounganishwa na Isuzu East Africa papo hapo Industrial Area, huuzwa pamoja na kumbukumbu: muuzaji anajua nani kalinunua, na kukitokea mwito humwandikia au humpigia simu. Gari la mtumba kutoka Japani lina njia nyingine. Mwenyewe wa huko hulifuta katika daftari la usajili la Japani, linapigwa mnada, linapanda meli, linafika bandarini Mombasa, linauzwa katika yadi ya Nairobi, na kila hatua hiyo ni mahali ambapo barua ya mtengenezaji hupotea. Kwa sheria ya Kenya gari la mtumba halipaswi kuzidi miaka 8 linapoingizwa, na ukilinganisha kanuni hiyo na miaka ya uundaji wa makopo yenye kasoro, yaani takriban 2000 hadi katikati ya muongo uliofuata, utaona kwamba Vitz, Corolla, Fit, X-Trail, Impreza na mengineyo ya kipindi hicho yaliingia nchini kwa wingi na kupewa nambari za usajili zinazoanza na KB na KC. Si kila gari la aina hizo lina kasoro. Hakuna njia ya kujua kwa kuliangalia.

Liko jambo jingine linalofaa kutajwa hapa, kwa sababu halizungumzwi. Japani ina ukaguzi wa lazima wa kila baada ya muda, unaoitwa shaken, ulio ghali kiasi kwamba wamiliki wengi huliuza gari kabla ukaguzi haujafika, na hiyo ndiyo sababu moja kubwa ya magari mazuri kufika Afrika Mashariki kwa bei inayoeleweka. Tangu Mei 2018 serikali ya Japani imekataa kupitisha katika ukaguzi huo magari yenye mifuko ya Takata ya hatari zaidi ambayo hayajarekebishwa. Lango hilo ni la busara kwa Wajapani, lakini gari lililouzwa nje kabla ya kulifikia halikulazimika kupita hapo, na mnunuzi wa Eastlands hana budi kufikiri kwamba yeye mwenyewe ndiye lango.

Namna ya kulishika lango ni nambari ya chasisi. Hii ni nambari ya utambulisho wa mwili wa gari, si ya injini wala ya usajili. Huandikwa katika kitabu cha umiliki kinachoitwa logibuku, na hupigwa muhuri katika chuma chenyewe, mara nyingi kwenye ukuta unaotenganisha injini na chumba cha abiria. Magari yaliyoundwa kwa ajili ya soko la Japani hayatumii nambari ya herufi na tarakimu 17 iliyozoeleka Ulaya na Marekani, bali msimbo mfupi wa aina ya gari, kistari, kisha nambari ya mfululizo: NZE141 kwa Fielder fulani, GE6 kwa Fit fulani. Mwenye gari anayeiingiza nambari kama hiyo katika mtambo wa Marekani wa kutafutia kasoro huambiwa si sahihi, naye huondoka akidhani gari lake liko salama, ilhali mtambo ule haukuliangalia kamwe. Mahali pa kutafuta ni kurasa za Kijapani za kampuni iliyoliunda, ambazo hukubali msimbo huo, au dawati la huduma la mwakilishi rasmi wa kampuni hiyo, na wawakilishi kadhaa wako hatua chache kando ya Barabara ya Lusaka. Inafaa kuangalia hata kama gari lilikwisha kubadilishiwa mfuko zamani, kwa kuwa makopo mengine yaliwekwa kama kinga ya muda, yakiwa na kemikali ile ile ikiwa mpya, na yakaitwa tena baadaye.

Hapa sheria inalegea. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, ya kupata habari, na ya kulindiwa afya na usalama wake, na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2010, imekuwa ikitangaza miito ya urejeshaji pamoja na wauzaji. Lakini mwakilishi rasmi hakuliuza gari la mtumba, na aliyeliuza hakuliunda, hivyo ni rahisi kila mmoja kumwelekeza mwenye gari kwa mwenzake. Ahadi ya mtengenezaji inalihusu gari, si mkono uliolileta nchini. Kwa hiyo mwenye gari aombe jibu lililoandikwa, lenye nambari ya chasisi na jina la mwito wenyewe, badala ya kuridhika na neno la mlangoni. Kituo cha ukaguzi wa magari cha Barabara ya Likoni hakiwezi kumsaidia katika hili, si kwa uzembe, bali kwa sababu breki, taa na magurudumu hupimika, ilhali kopo lililofungwa halionyeshi hali ya vidonge vilivyomo.

Nambari ya chasisi, hata hivyo, huthibitisha tu kile kilichowekwa kiwandani. Gari lililowahi kugonga na kufumua mifuko yake, kisha likatengenezwa, huenda lina mfuko uliotolewa katika gari jingine na kuuzwa kama spea ya ex-Japan huko Barabara ya Kirinyaga, na mfuko huo hauna mwito unaoufuata kwa kuwa kumbukumbu zake zimebaki na gari lililochinjwa. Vibaya kuliko hivyo ni gari ambalo halina mfuko kabisa: kifuniko kimeshonwa na kupakwa rangi, na ndani ya waya kimefungwa kipande kidogo cha umeme kinachoidanganya kompyuta izime taa. Dalili ya kwanza ya kuangalia ni taa yenye picha ya mfuko au herufi SRS, ambayo kwa kawaida huwaka ufunguo unapofunguliwa na kuzimika baada ya sekunde chache. Isipowaka hata kidogo, huenda kuna aliyeichomoa.

Kazi yenyewe ya kubadilisha si ya gereji ya kando ya barabara, hata fundi awe hodari namna gani kwa injini. Waya za mfumo huu zimewekwa rangi ya manjano ili fundi ajue asizipime kwa tasta. Betri huchomolewa na dakika kadhaa hupita kabla usukani haujaguswa, kwa sababu kompyuta huhifadhi umeme wa akiba. Na mfuko uliotolewa hulazwa uso wake ukiangalia juu, ili ukifumuka upate pa kwenda. Kopo la zamani hurudishwa kwa mwakilishi wa kampuni na kuhesabiwa. Lisipelekwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu wa Mukuru na Viwandani, maana chuma hicho kitaishia tanuruni na vidonge vyake vikiwa bado ndani.

(Itaendelea. Sehemu ya tatu itashughulikia bima: iwapo kampuni ya bima yaweza kupunguza fidia pale mwenye gari alipojua kasoro na kutoishughulikia.)