Jeevanjee: Tajiri wa Mombasa aliyeingia baraza la wakoloni

Ndugu zetu wa Pwani wanaoishi Eastlands, Nairobi, hulisikia jina la Jevanjee karibu kila siku. Ni jina la mtaa wa zamani wa nyumba za kaunti, na la bustani ya katikati ya jiji ambako wahubiri na wabishi wa siasa hawakauki. Wachache wanajua kwamba mwenye jina hilo alianzia hapa hapa Mombasa.

Alibhai Mulla Jeevanjee, Mbohora, alizaliwa Karachi mwaka wa 1856, akafika Mombasa 1890 kufanya biashara. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa, alipata kandarasi ya kuleta vibarua kutoka India na kuwauzia serikali vyakula vyao. Mwaka wa 1902 alianzisha Mombasa gazeti la African Standard, ambalo leo ni The Standard. Reli ilipofika Nairobi naye akaifuata, akanunua viwanja na kujenga soko.

Basi kwa nini mtu aliyeshiba namna hiyo aliingia siasa? Kwa sababu fedha zake hazikumfungulia kila mlango. Wazungu walijitengea mashamba ya nyanda za juu, na mji wa Nairobi ukagawanywa kwa rangi. Baraza la Kutunga Sheria lilianza 1907 likiwa la wazungu watupu. Mwaka wa 1909 Jeevanjee aliteuliwa, mtu wa kwanza asiye mzungu kuketi humo. Akajikuta sauti moja kati ya nyingi, na mwaka uliofuata akaenda kulalamika Uingereza.

Lakini tusimpambe kupita kiasi. Haki aliyoidai ilikuwa ya Wahindi. Huko Uingereza alifika hadi kupendekeza nchi hii iwekwe chini ya India! Mwafrika hakuulizwa. Wakati serikali ilipowatengea Waafrika wa Nairobi mtaa wa Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920, wakiwemo Waislamu wenye asili ya Pwani, hawakuwa na mwakilishi wao barazani. Walingoja hadi 1944, alipoteuliwa Eliud Mathu. Jeevanjee alikuwa ameshafariki, 1936.

Kilichobaki cha manufaa kwa wote ni ile bustani aliyoutolea umma mwaka wa 1906. Mwaka wa 1991 kulikuwa na mpango wa kuigeuza maegesho ya magari. Mjukuu wake, Zarina Patel, pamoja na wananchi wengine walipinga, na bustani ikapona.

Leo nyumba za zamani katika mitaa ya Nairobi zinabomolewa kupisha maghorofa. Nyumba mpya zinahitajika, hilo halina ubishi. Ila kila matajiri wanapokuja kuomba kura, huko Eastlands na hapa kwetu, tuwaulize swali moja: watoto watacheza wapi, na kiwanja hicho kimeandikwa kwa jina la nani? Kiti cha baraza hupita. Ardhi ya umma ikishakwenda, hairudi kwa urahisi.