Mchaichai na Homa ya Mtoto

Katika nyua zetu nyingi huota mchaichai. Wazee wetu walichemsha majani yake, wakayanywa kwa mafua na kwa tumbo lililojaa. Na mwenye homa walimfunika blanketi ajifukize kwa mvuke wake. Hatuwacheki. Wataalamu wameona mafuta ya majani hayo yana sitrali, ndiyo iletayo harufu ya limau, nayo katika maabara huua namna kadha za bakteria na kuvu.

Lakini chupa ya maabara si mwili wa mtoto. Chai hii hutuliza koo na kumpa mgonjwa maji, malaria haiponyi. Na malaria kali yaweza kumwua mtoto katika siku moja au mbili. Basi akishikwa na homa, tumpeleke zahanati siku iyo hiyo apimwe damu. Akionekana nayo, apewe dawa mseto aimalize. Hata dawa hiyo imetokana na mmea, jamii ya pakanga, ambao wataalamu wa China walitoa kiini chake mwaka 1972, kikajaribiwa na kupimwa kiasi chake. Tuunywe mchaichai, ila usituchelewesshe njiani.