Machaguo Mapya katika Amri za Msingi za Unix: Uchunguzi wa cat na sort

Katika toleo la saba la Unix, la mwaka 1979, amri ya cat ilikuwa na kazi moja: kusoma mafaili yaliyotajwa na kuyatoa moja baada ya jingine. Chaguo lake lilikuwa moja tu, yaani -u, linalozuia data kulimbikizwa kabla ya kutolewa. Baadaye, katika Unix ya Berkeley, yaliongezwa machaguo mengine, likiwamo -v linaloonyesha alama zisizochapika. Mwaka 1983 Rob Pike alilipinga ongezeko hilo katika mkutano wa USENIX, na mwaka uliofuata hoja hiyo ikafafanuliwa katika makala aliyoiandika pamoja na Brian Kernighan. Hawakudai kwamba kuonyesha alama hizo hakuna faida. Walidai kwamba kazi hiyo si ya cat. Ingefanywa na programu ya peke yake, waliyoiita vis, na kwa kuwa tokeo la amri moja huweza kupitishwa kwa bomba hadi amri nyingine, vis ingezihudumia amri zote.

Hoja hiyo ina uzito, lakini amri ya sort inaonyesha mipaka yake. Mtu akiandika sort orodha > orodha, data yote hupotea, kwa sababu sheli hulifungua na kulifuta faili la tokeo kabla sort haijasoma hata mstari mmoja. Chaguo -o huondoa hatari hiyo. Hata hapa mfuasi wa Pike ana jibu: programu ndogo iitwayo sponge hufyonza data yote kwanza ndipo iandike, na huifanyia hivyo amri yoyote.

Chaguo -h, lililoongezwa katika sort ya GNU mwaka 2009, ni gumu zaidi kulipinga. Amri ya du -h hutoa ukubwa wa mafaili kama 900K, 2M na 1G. Zikipangwa kwa -n, 1G hutangulia na 900K huja mwisho, kwa kuwa herufi ya kipimo hupuuzwa. Kulinganisha ndiko kiini cha sort; kanuni mpya ya kulinganisha haiwezi kuitwa kazi ya mwingine. Kigezo kinachofaa, basi, si idadi ya machaguo bali ni iwapo chaguo linagusa kazi ya asili ya amri.

Gharama ya chaguo haionekani siku linapoongezwa. Zamani sort +1 ilimaanisha kuruka uga wa kwanza. Kiwango cha POSIX cha mwaka 2001 kiliiondoa sintaksia hiyo, na nafasi yake ikabaki kwa -k 2. Kwa kiwango hicho +1 ilikuwa jina la faili. GNU ilipokifuata kiwango hicho, hati za amri zilizotumika kwa miaka mingi zilishindwa kufanya kazi, bila aliyeziandika kubadili herufi hata moja. Ilibidi watumiaji waweke kigeu cha mazingira, _POSIX2_VERSION, ili kurejesha maana ya awali. Kinachoingia katika amri ya msingi hugeuka ahadi kwa watu ambao mtengenezaji hatawajua kamwe.

Kwa upande wa cat, POSIX bado inataja chaguo moja tu, -u. Cat ya GNU inalikubali chaguo hilo na kulipuuza, huku -v, lisilotajwa na kiwango, likiendelea kutumika.