UZI: "Kila kitu kiko wazi kwenye blokcheni." Sawa, lakini funguo ziko kwa nani?

Msimu wa siasa ukikaribia, lazima mtu asimame jukwaani aseme: "Pesa za umma ziwekwe kwenye blokcheni, kila mwananchi azione, wizi utaisha." Makofi. Anayempinga anajibu: "Hiyo kripto yote ni utapeli." Makofi tena. Blokcheni imekuwa mwarobaini kwa huyu na sumu kwa yule, na swali lenyewe linabaki pale pale.

Mimi nasoma sayansi ya siasa, si kompyuta. Lakini jambo hili ni la siasa kabisa: ukishaweka pesa zako, nani ana mamlaka ya kubadilisha masharti? Twende polepole.

Kwanza maneno. Mkataba janja (naita hivyo kama tunavyosema simu janja) ni programu inayokaa kwenye blokcheni, yaani daftari la pamoja ambalo nakala zake ziko kwenye maelfu ya kompyuta. Programu hiyo inashika pesa na kuzitoa masharti yakitimia. Hakuna karani wala meneja. Watu wakiitumia kukopa, kukopesha na kubadilisha sarafu bila benki katikati, ndipo tunaambiwa fedha zimegatuliwa.

Ugatuzi! Mkenya amekuwa na neno hilo mdomoni tangu 2013, na anajua kazi inaweza kugatuliwa kwenye karatasi huku sahihi ya mwisho ikibaki Nairobi. Kwenye kripto ni vivyo hivyo.

Mfano wa nyumbani. Mimi ni wa Ekalakala, upande wa Masinga. Ukijua vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopeshana, unajua lile sanduku la chuma lenye kufuli tatu, kila ufunguo kwa mtu wake. Pesa zinahesabiwa mbele ya wote: huo ni uwazi. Kufuli tatu na watu watatu tofauti: huo ni usalama. Ni vitu viwili. Mnaweza kuhesabu kila wiki bila kukosea hata shilingi, lakini funguo zote tatu zikilala nyumba moja, mna kufuli moja tu.

Sasa sikia kisa cha Ronin. Huu ulikuwa mtandao wa kupitisha pesa za mchezo uitwao Axie Infinity, wa kampuni ya Vietnam, Sky Mavis. Ulikuwa na funguo tisa, na ili pesa zitoke zilihitajika tano. Kwa masikio ni demokrasia safi. Kumbe nne kati ya hizo tisa zilikuwa za Sky Mavis yenyewe. Ya tano ilikuwa ya chombo kingine ambacho, Novemba 2021, kiliiruhusu kampuni iweke sahihi kwa niaba yake kwa sababu kazi ilikuwa nyingi. Mpango huo ulikoma Desemba, lakini kibali hakikufutwa. (Mnawajua wale makaimu wanaoshikilia kiti "kwa muda"? Ndiyo hiyo.)

Tarehe 23 Machi 2022 wezi walioingia kwenye kompyuta za kampuni hiyo wakajikuta na funguo tano. Zikaenda zaidi ya dola milioni 600. Baadaye FBI ilisema ni kundi la Korea Kaskazini. Lakini kinachoniuma mimi ni hiki: wizi uligunduliwa tarehe 29, baada ya mteja mmoja kushindwa kutoa pesa zake. Siku sita! Na muamala wote ulikuwa wazi kwenye daftari, dunia nzima ingeweza kuuona. Hakuna aliyekuwa anatazama.

Hapo utaniambia: "Basi tatizo ni watu, msimbo wenyewe uko wazi, yeyote anaweza kuusoma." Anaweza, ndiyo. Wewe unausoma? Kumbukeni Agosti 2022, tume ya uchaguzi ilipoweka Fomu 34A kwenye tovuti. Vituo vilikuwa zaidi ya 46,000. Fomu zilikuwa wazi kwetu sote, na bado runinga moja ilionyesha hesabu hii na nyingine ile, kwa sababu kila mmoja alikuwa anajumlisha fomu zake kwa mpangilio wake. Uwazi ulisaidia sana, sikatai. Lakini uliwasaidia zaidi wenye watu, muda na kompyuta. Mwananchi wa kawaida aliishia kuchagua wa kumwamini.

Kwenye mikataba janja, wa kuaminiwa ni mkaguzi. Utasikia: "Imekaguliwa!" Euler Finance, jukwaa la mikopo, lilikuwa limekaguliwa na kampuni kadhaa. Machi 2023 likaibiwa karibu dola milioni 197 kupitia kasoro iliyokuwa kwenye msimbo huo huo ulio wazi. Aliyechukua alirudisha sehemu kubwa, lakini hiyo ni huruma ya mwizi, huwezi kuiita usalama. Kwa hiyo mtu akikwambia imekaguliwa, muulize: lini, toleo lipi, na nini kimeongezwa tangu siku hiyo?

Maana msimbo hubadilika, na hapa ndipo wengi wanapotelewa. Tunaambiwa mkataba janja ukishawekwa haubadiliki. Mingi inabadilika, na imejengwa makusudi hivyo. Ule unaouona ni mlango tu. Kazi inafanyika chumba cha nyuma, na mwenye mamlaka anaweza kuelekeza mlango kwenye chumba kingine. Si uovu wenyewe, kasoro zikipatikana zinahitaji kurekebishwa. Ila jiulize mabadiliko yanahitaji sahihi ngapi, na kama kuna muda wa kusubiri kabla hayajaanza kazi, siku mbili tatu za wewe kutoa pesa zako kama hukubali. Mamlaka ya mtu mmoja, usiku, bila notisi: kwetu tuna jina la serikali ya aina hiyo.

Kwa wanaopenda nadharia, kisa kikubwa ni cha 2016. Mfuko ulioitwa The DAO ulikusanya karibu dola milioni 150 ili wenye hisa waamue kwa kura pa kuwekeza. Ulikuwa na kasoro moja: ulitoa pesa kabla ya kupunguza salio kitabuni. Mchukulie karani anayekupa noti kwanza, na kabla hajaandika umesharudi dirishani kuchukua tena, na tena. Juni 17 mtu akachota etha milioni 3.6 kwa njia hiyo.

Wengi wao walikuwa wameapa kwamba msimbo ndio sheria. Sasa sheria ilikuwa imemruhusu mwizi. Wakabishana zaidi ya mwezi mzima, na Julai 20 wengi wakakubali kubadilisha masalio kwenye daftari lenyewe ili pesa zirudi. Waliokataa wakabaki na daftari la zamani, ndilo leo linaitwa Ethereum Classic. Mimi nawaelewa waliorudisha. Lakini huo ulikuwa uamuzi wa kisiasa mtupu, wenye kampeni, hoja na walioshindwa. Hakuna mashine iliyoamua.

Haya, na huku kwetu inatuhusu vipi? Inatuhusu kupitia bima. Hapa tunategemea zaidi mvua ya Oktoba hadi Desemba. Ikikosa, mahindi na ndengu hakuna. Tangu 2009 mradi wa Kilimo Salama ulijaribu nchini bima inayolipa kwa kipimo cha mvua, bila mtu kuja shambani kukagua. Miaka ya karibuni ACRE Africa pamoja na Etherisc wakapeleka wazo hilo kwenye mikataba janja: data ya hali ya hewa inaingia, programu inaamua, mkulima analipwa kwa M-Pesa. Mimi naliona ni wazo zuri. Hakuna wa kukuzungusha na faili, hakuna wa kuomba kitu kidogo.

Lakini mkataba hauoni shamba lako. Unaona namba tu. Data ikisema eneo limepata mvua, na mvua yenyewe ilinyesha ng'ambo ya kilima, wewe hulipwi. Msimbo haujakosea hata herufi, hakuna aliyeiba, na nyumbani hakuna chakula. Unakata rufaa kwa nani?

Sasa rudi kwa yule wa jukwaani. Blokcheni itaandika vizuri sana kwamba kisima kimechimbwa na mkandarasi amelipwa, na hakuna atakayeweza kufuta maandishi hayo. Kama kisima hakipo, umepata uongo usiofutika. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu tayari ziko wazi, Kifungu cha 229 cha Katiba kinazidai kila mwaka, na mambo yaliyoandikwa humo yanajulikana. Kinachokosekana baada ya kusoma si daftari lingine.

Upande wa sheria, tuna Sheria ya Watoa Huduma za Mali Dijitali ya 2025, iliyoanza kazi Novemba 4 mwaka huo. Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ndizo zinazotoa leseni. Ni hatua, maana inashika kampuni: anayekubadilishia sarafu, anayekutunzia. Ugumu unakuja pale ambapo anayeshika pesa ni programu isiyo na ofisi. Ndiyo maana narudi kwenye funguo. Mara nyingi, ukifuata mamlaka ya kubadilisha msimbo unakuta watu watano, au wawili. Hao ndio wa kuandikiwa barua.

Kwa hiyo mdahalo ujao, mtu akisema "tuweke kwenye blokcheni", mwandikieni maswali haya hapo hapo chini ya chapisho lake: nani anaingiza data, nani anaweza kubadilisha msimbo, na mwananchi akidhulumiwa anaenda mlango gani? Akijibu kwa kurudia neno "uwazi", nitagini.